Ploti za Ziwani



Siku ya mshahara wa mwezi uliopita wengi wenu mliliona gari jeupe lililosimama nje ya lango la karakana. Ndani yake walikuwamo vijana wawili waliovaa vizuri, na dada mmoja aliyekuwa akigawa karatasi za rangi. Juu ya karatasi zile palikuwa na picha ya Ziwa Naivasha wakati wa jioni, ndege weupe juu ya maji, na mlima Longonot kwa nyuma. Chini ya picha paliandikwa: ploti za futi 50 kwa 100, lipa pole pole, hati iko tayari. Kabla ya saa ya chakula kwisha, watu kumi na wanane wa karakana, makarani wawili wa tikiti, na gadi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ashuke kutoka safari, walikuwa wamekwisha andikisha majina yao. Wengine walilipa shilingi 5,000 za kushika nafasi, papo hapo, kwa simu.

Tangu siku ile hakuna mazungumzo mengine katika tawi letu. Na juma lililopita kamati ilipokea barua yenye sahihi za wanachama thelathini na mmoja, ikiomba kwamba fedha za mfuko wetu wa kusaidiana zitumiwe kununua ekari tano kule Naivasha, kwa jina la sisi sote, ziachwe hapo mpaka bei ipande, kisha ziuzwe tugawane faida. Neno hili litaletwa mbele ya mkutano wa Jumamosi. Kwa hivyo twaona ni wajibu wa gazeti letu hili dogo kusema maoni yake sasa, kabla fedha hazijaondoka, wala si baadaye wakati wa kulaumiana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatuwacheki wale waliotia sahihi. Sababu yao twaijua, maana ni sababu yetu sote. Mfanya kazi wa reli ni mtu ambaye maisha yake yote yuko juu ya ardhi ya mwingine. Baba zetu walilelea watoto katika landhi za reli, chumba kimoja, bomba la maji moja kwa nyumba nyingi. Siku kazi ilipokwisha, mzee alipewa barua ya shukrani na tarehe ya kuhama. Mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa kampuni ya watu binafsi, maelfu ya wenzetu waliachishwa kazi, na baadhi yetu tuliona kwa macho yetu vitanda na sufuria za wazazi wetu zimewekwa nje kando ya njia. Mtoto aliyeona jambo lile hasahau. Akipata kazi, wazo lake la kwanza ni kipande cha ardhi ambacho hakuna meneja atakayemtoa. Wazo hilo ni zuri, na chama hiki kinaliheshimu.

Lakini barua iliyoletwa haisemi habari ya makao. Haisemi kwamba mtu fulani atajenga, au atapanda viazi, au atafuga kuku. Inasema tununue ardhi tupu, katika mji wa watalii, tuiache tupu, tungoje. Hiyo ni biashara, na biashara huulizwa maswali ya biashara. Acheni tuyaulize.

Naivasha twaijua kuliko wauzaji wa ploti. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapo, na watu wa kazi yetu wamepita hapo usiku na mchana kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini. Ni mahali pazuri, hatukatai. Maji yake ni matamu ingawa yako katika Bonde la Ufa ambamo maziwa mengi ni ya magadi. Kuna viboko na twiga, kuna mbuga ya Hell's Gate iliyofunguliwa mwaka 1984, kuna mvuke wa Olkaria utoao umeme, kuna mashamba ya maua yaajiriyo maelfu ya watu. Kutoka Nairobi si mbali, kiasi cha kilomita 90. Watu wa maofisi huenda huko kwa mikutano yao, na tangu mwaka 2021 mashindano ya magari ya Safari yalipohamia huko, nyumba za wageni hujaa hata watu wakalala ndani ya magari. Mwenye kuona hayo yote lazima aseme: mji huu utakua. Na kweli umekua.

Hata hivyo, mji kukua si sawa na ploti yako kupanda bei. Sisi watu wa reli tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Reli mpya ilipokuwa ikijengwa kuelekea Suswa, wauzaji walizunguka na ramani wakionyesha mahali stesheni itakapokuwa, na watu walinunua mawe na vumbi kwa bei ya udongo mwekundu wa Kiambu. Mwezi wa Oktoba 2019 njia ilifunguliwa. Ikafika Duka Moja katika Kaunti ya Narok, ikasimama hapo mwaka baada ya mwaka. Garimoshi likisimama mahali si lazima mji nao usimame hapo. Wengi walionunua wakitazamia kuuza baada ya miaka miwili walikaa na karatasi zao kabatini, na mkopo ukaendelea kukatwa kila mwezi katika mshahara.

Sasa tuliseme jambo la ziwa lenyewe, kwa maana hilo ndilo linalouzwa. Ziwa Naivasha halina mto utokao juu ya ardhi. Mito ya Malewa na Gilgil huleta maji kutoka milima ya Nyandarua na nchi ya juu. Mvua ikiwa nyingi ziwa hupanuka, mvua ikiwa chache hurudi nyuma. Limefanya hivyo tangu kale. Wamaasai ndio waliolipa jina, na jina lao lina maana ya maji yanayochafuka, yanayokwenda na kurudi. Mtu aliyeliita hivyo alikuwa amelitazama miaka mingi. Muuzaji wa ploti amelitazama mwezi mmoja, tena mwezi wa kiangazi.

Mwaka 2009 ziwa lilikuwa limepungua sana. Palipokuwa na maji pakawa na majani, ng'ombe wakala hapo, na watu wakapima ploti. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 2020, maziwa ya Bonde la Ufa yalijaa yote, Baringo, Nakuru na Naivasha, na huko Kihoto, mtaa wa mji wa Naivasha wenyewe, maji yaliingia majumbani, vyoo vikafurika, viboko wakatembea mahali watoto walipokuwa wakicheza. Mwaka 2025 maji yalirudi tena pale pale, na watu wakahama tena wakibeba magodoro kwa mashua. Watu wale walikuwa wamenunua, wamejenga, wamelipa. Hasara yao haikutokana na uvivu wala ulevi, ila walinunua ziwa liliposinzia.

Katika tawi letu yupo mmoja wao. Hatutamtaja kwa jina, yeye mwenyewe ametuomba tuseme habari yake bila jina. Alikuwa mshika pointi kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu mwaka 2010 alichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akanunua ploti mbili karibu na maji, kutoka kwa watu waliokuja na picha nzuri kama hizi. Aliambiwa kwamba ploti za mbele ni za watu wenye akili, kwa kuwa hoteli zitazihitaji. Hakupewa hati, alipewa cheti cha hisa chenye muhuri mwekundu, na ahadi ya hati baada ya miezi sita. Alikwenda mara tatu kuitazama ardhi yake, akaweka nguzo nne za mti, akarudi. Mwaka 2020 alikwenda mara ya nne pamoja na mwanawe. Walisimama barabarani kwa sababu mbele palikuwa maji tu. Mwanawe akamwuliza, "Baba, ploti yetu ni ipi?" Mzee akanyosha kidole akasema, "Ni pale yule ndege amesimama." Ndege alikuwa amesimama juu ya nguzo.

Ofisi ya wauzaji ilikuwa imekwisha fungwa. Leo mzee huyu, mwenye miaka zaidi ya sabini, hulinda ghala usiku. Tulipomwuliza tuandike nini, alisema: "Waambieni vijana wangu kwamba ile nguzo moja niliiona kwa macho. Nyingine tatu sikuziona tena."

Labda mtu atasema: hiyo ilikuwa bahati mbaya, sisi tutanunua mbali na maji, upande wa Mai Mahiu au Longonot. Vema. Basi tukumbuke kwamba mwezi wa Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa ikakata barabara ya Narok, na ufa ule ulipita katika mashamba ya watu bila kuuliza nani ana hati. Tukumbuke pia usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Maji ya mvua yalikusanyika nyuma ya tuta la reli huko juu karibu na Kijabe, njia ya maji chini ya tuta ikiwa imezibwa na matope na magogo, kisha yakapasua na kuteremka Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Tuta lile ni la kazi yetu, na wapo miongoni mwetu waliokwenda kuokota maiti. Hatulitaji kwa kutisha mtu. Twalitaja kwa kuwa karatasi za rangi hazionyeshi mkondo wa maji, na ploti ya bei nafuu mara nyingi ni nafuu kwa sababu mwenyeji anajua maji hupita wapi.

Tuje kwenye hesabu. Wengi wetu tulisoma shule za misheni, na hesabu tuliyofundishwa huko ni ya kujumlisha na kutoa, lakini hiyo yatosha. Tufanye mfano. Mwanachama anakopa shilingi 600,000 katika chama cha akiba, kwa riba ya 1 kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki, alipe kwa miezi 48. Kila mwezi atarudisha 12,500 za deni, na riba ya mwezi wa kwanza ni 6,000. Mpaka atakapomaliza, riba yote itakuwa shilingi 147,000. Ploti ikiwa ndani ya manispaa, ushuru wa stempu ni 4 kwa mia, yaani 24,000. Wakili, mpima ardhi na ada nyingine, tuseme 36,000. Ua wa waya na nguzo, tuseme 60,000. Jumlisheni:

Bei ya ploti: 600,000
Riba ya mkopo: 147,000
Ushuru wa stempu: 24,000
Wakili na mpima: 36,000
Ua: 60,000
Jumla: 867,000

Maana yake, baada ya miaka minne, akipata mtu wa kuinunua kwa shilingi 900,000, atakwenda kilabuni akisema amepata faida ya laki tatu. Faida yake ni 33,000. Na hapo hajatoa kodi ya faida ya kuuza mali, ambayo tangu mwanzo wa mwaka 2023 ni 15 kwa mia badala ya 5. Hajatoa haki ya dalali. Hajahesabu nauli za kwenda kutazama, wala kodi ya kaunti ya kila mwaka. Na kwa miezi 48 ile mkewe alikuwa akinunua unga kwa deni dukani.

Tena ploti tupu haizai. Ng'ombe hutoa maziwa ukingoja bei. Chumba cha kukodisha hutoa kodi. Hata akiba katika chama chetu hutoa gawio kila mwaka. Ardhi tupu hutoa majani tu, na majani yenyewe huliwa na ng'ombe wa mtu mwingine.

Na hapa tuseme juu ya huyo mtu mwingine, maana kuna jambo la sheria ambalo wengi hawalijui. Sheria yetu ya muda wa madai yasema kwamba mtu akikaa katika ardhi yako kwa miaka 12, waziwazi, bila ruhusa yako na bila wewe kumtoa, aweza kwenda mahakamani kudai ardhi ile iandikwe kwa jina lake. Mtu anayenunua ploti Naivasha naye anafanya kazi Mombasa au Kisumu, akaiacha bila ua wala mlinzi, anaweza kurudi siku ya kustaafu akute nyumba, mgomba na watoto wa watu. Atasema ni wezi. Hakimu atauliza: ulikuwa wapi miaka yote hiyo?

Hati nayo isitulevye. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi yetu iliamua kesi ya ploti ya ufuoni huko Mombasa. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi. Mahakama ilisema hati peke yake haitoshi, lazima ionekane jinsi ardhi ile ilivyotoka mikononi mwa umma tangu mwanzo, na kama mwanzo wake haukuwa halali, hati ya mwisho haiwezi kuutakasa. Mnunuzi akashindwa. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, yahesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma. Hivyo yule anayeuza ufuo anauza kitu ambacho huenda si chake, na anayenunua huenda ananunua kesi.

Kuna na hifadhi ya reli. Sisi tunayajua mawe yake ya mpaka kama tunavyojua mataruma. Tumeona watu wakiuziwa ploti ndani ya mawe hayo, na wauzaji wakiapa kwamba reli ya zamani imekufa. Njia ikitakiwa kutengenezwa, tingatinga huja, na anayetumwa kusimama mbele yake na kusoma amri ya kuhama ni mfanya kazi kama sisi. Haifai mtu wa reli awe mnunuzi wa ardhi ya namna hiyo, na haifai kabisa awe dalali wake. Tumesikia minong'ono kwamba wawili kati yetu wamepewa ahadi ya kamisheni kwa kila jina walitialo katika orodha. Kama ni uongo, wasimame Jumamosi waseme ni uongo, nasi tutaomba radhi katika ukurasa huu huu. Kama ni kweli, waiseme kamisheni yao mbele ya wenzao kabla kura haijapigwa.

Jambo jingine halijatajwa na mtu katika barua ile, nasi twaona lapaswa kutajwa katika gazeti la chama cha wafanya kazi. Ardhi iitwayo tupu si tupu kila mara. Kando ya lile ziwa wanaishi maelfu ya wafanya kazi wa mashamba ya maua, chumba kimoja cha mabati, mishahara midogo, kama baba zetu katika landhi. Wapo na wafugaji ambao babu zao walinyweshea ng'ombe hapo kabla ya reli. Sisi tukinunua na kuacha majani yaote ili bei ipande, bei inapanda kwa nani? Inapanda kwa yule dada anayefunga maua usiku na kutafuta mahali pa kujenga chumba chake mwenyewe. Hatusemi ni dhambi kununua. Twasema mfanya kazi asijifanye bwana shamba mdogo juu ya mgongo wa mfanya kazi mwenzake, kisha aje Jumamosi kuimba umoja.

Basi maoni ya gazeti hili ni haya.

Kwanza, mfuko wa kusaidiana usiguswe. Fedha zile si za biashara. Zilichangwa shilingi kwa shilingi ili mwanachama akifiwa apate sanduku na gari, akiugua apate dawa, na mjane wake asiende kuomba kwa watu. Mwaka jana mfuko huu ulizika wenzetu wanne. Fedha zikiwa zimefungwa katika ekari tano za majani, maiti ya mwanachama haitangoja bei ipande. Kwa hiyo twawaomba wote wapige kura ya kukataa ombi hilo.

Pili, wale wapendao kununua ardhi wana haki yao kamili, nao waunde kikundi chao cha hiari, chenye daftari lake, mweka hazina wake na fedha zao wenyewe. Chama kitawasaidia kwa ushauri. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, kabla ya kutoa hata senti moja zaidi, kikundi hicho kifanye mambo haya, wala kisione haya kwa kuuliza:

Watumwe watu watatu, mmoja wao mwanamke, waende wakati wa mvua, kwa nauli yao wenyewe, si katika gari la muuzaji. Wawaulize wavuvi wazee na wenye maduka ziwa lilifika wapi mwaka 2020 na mwaka 2025, na mikondo ya maji hupita wapi.

Waende wenyewe kwenye ofisi ya ardhi, au katika daftari la serikali la mtandao lililoanzishwa mwaka 2021 kama ardhi ile imekwisha ingizwa humo, watafute jina la mwenyewe. Wajue kama hati mama imewekwa rehani benki, au kama kuna zuio la mahakama. Karatasi ya utafutaji iliyoletwa na muuzaji si kitu.

Mpima ardhi mwenye leseni atafute bikoni zote nne kwa ramani ya serikali. Nguzo za mti hazihesabiwi, yule mzee wetu ni shahidi.

Ikiwa ni ardhi ya kilimo, sheria ya mwaka 1967 yataka kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe kabla ya miezi sita kupita tangu kuandikiana. Na kama muuzaji ana mke, na mali ile ni ya ndoa yao, mke naye akubali kwa maandishi. Wengi wamenunua kwa mume wakatolewa na mke.

Mapatano yawe ya kuandikwa, yenye sahihi na shahidi, maana sheria ya nchi haikubali kuuziana ardhi kwa mdomo. Wakili awe wetu, aliyelipwa na sisi. Wakili mmoja wa pande mbili ni refa aliyevaa jezi ya timu moja.

Fedha zisipitie simu ya mtu binafsi hata kidogo. Wale waliokwisha lipa 5,000 waombe risiti yenye jina la kampuni juma hili hili. Wakikataliwa risiti, wamekwisha pata jibu la maswali mengine yote.

Na mwisho kila mtu ajiulize swali moja usiku, pamoja na mwenziwe wa nyumbani: ardhi hii nitaifanyia nini? Akiwa na jibu, kama kujenga, kulima, kufuga au kukodisha, basi aendelee kwa uangalifu, nasi tutamwombea heri. Kama jibu ni kungoja tu, ajue kwamba anacheza kamari, na kamari hiyo wenye mji wanaijua kuliko yeye.

Ndugu zetu, tulifundishwa tungali wadogo habari ya mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga, mvua ikanyesha, mafuriko yakaja. Tulidhani ni hadithi ya mtu mpumbavu. Sasa tumekua twaona kwamba labda hakuwa mpumbavu hata kidogo. Labda alikuwa mfanya kazi aliyechoka kulala katika nyumba ya bwana, akaonyeshwa mchanga wakati wa kiangazi, akaambiwa ni nafasi ya mwisho. Kazi ya chama ni kumshika mtu huyo mkono kabla hajatoa fedha, na kumtafutia mwamba ulio halali. Kama kamati imekuwa mvivu katika jambo la makao ya wanachama, na twakiri kwamba imekuwa mvivu, Jumamosi iulizwe na ijibu. Nyumba za wastaafu lilikuwa dai letu la miaka mingi, nalo limelala katika faili. Laiti tungalilipigania dai hilo kwa nguvu ile ile tuliyoitumia siku ile kugombania kalamu ya kuandika majina, labda gari jeupe lisingalipata mtu wa kumwuzia picha.

Mkutano ni Jumamosi, saa nane mchana, katika ukumbi wetu wa kawaida. Njoni na wake zenu na waume zenu, maana fedha ni zao pia. Yule mzee mshika pointi ameahidi kuja kabla ya zamu yake ya usiku. Mpeni kiti cha mbele.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI